Barua ya wazi kuhusu Uhuru ya Ngomeni

Kwa Waziri wa Elimu; Waziri wa Ulinzi, ambaye mambo ya anga za juu yako chini yake; wakuu wa Shirika la Anga za Juu la Kenya; na Serikali ya Kaunti ya Kilifi.

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Pwani. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari ya kutwa upande huu wa Malindi, na kilichonifanya nishike kalamu ni jibu nililopewa darasani.

Muhula uliopita niliwauliza wanafunzi wangu wa Kidato cha Tatu hivi: kuna kitu kiliitwa Uhuru, kilitoka hapa Ngomeni kikabadilisha elimu ya nyota dunia nzima. Ni kitu gani? Wa kwanza akasema ni ile bustani ya Nairobi. Wa pili akamtaja rais wetu wa nne. Wa tatu ni msichana ambaye kwao ni Ngomeni hasa. Akisimama ufukweni anayaona kwa macho yake yale majukwaa ya chuma baharini. Akafikiri kidogo, akasema, "Labda ni mashua, mwalimu." Darasa likaangua kicheko. Mimi sikuweza kucheka, maana nilipolijua jibu sahihi nilikuwa na miaka 29, na nilikuwa nimeshafundisha fizikia miaka minne.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi aina ya Scout iliruka kutoka jukwaa la San Marco, mbele ya Ngomeni. Ilibeba setilaiti ya Marekani, ya kwanza duniani kutengenezwa kwa kazi moja tu, ya kulitazama anga kwa mionzi ya eksirei. Kwenye makaratasi ya NASA, shirika la anga la Marekani, ilikuwa na jina la herufi na namba. Mama aliyesimamia mradi, Marjorie Townsend, akaiita Uhuru, kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea. Si Mkenya aliyependekeza, na sidhani kama kuna Mkenya aliyeombwa, lakini neno letu likapanda nalo na mpaka leo limo katika kila kitabu kinachoeleza historia ya elimu hiyo.

Ngomeni haikuchaguliwa kwa huruma. Mhandisi wa Italia, Luigi Broglio, alitafuta mahali karibu na ikweta, kwa kuwa hapo ndipo dunia inapozunguka kwa kasi kubwa kuliko penginepo, karibu kilomita 1,670 kwa saa. Roketi ikielekezwa mashariki inaanza safari ikiwa tayari na kasi hiyo mfukoni, bila kuchoma mafuta. Mbele yake ni bahari tupu, hata ikishindwa haimwangukii mtu. Tena kuna faida ya tatu, ambayo wengi hawaijui: setilaiti inayozunguka juu ya ikweta inalikwepa eneo la kusini mwa Atlantiki ambako chembe za mionzi zilizonaswa na sumaku ya dunia hushuka chini na kuvuruga vipimo. Kwa chombo cha kuhesabu eksirei, hilo ni jambo la kufa na kupona. Setilaiti ya kwanza kutoka hapa, San Marco 2, ilirushwa tarehe 26 Aprili 1967, na ya mwisho tarehe 25 Machi 1988. Zote kwa jumla ni 9.

Niruhusuni nieleze Uhuru ilifanya nini, kwa namna ninavyowaeleza wanafunzi. Mtu akivunjika mkono anapelekwa hospitali akapigwe eksirei. Mionzi ya namna hiyo inatoka pia kwenye nyota, ila hewa yetu inaizuia isifike chini, na tumshukuru Mungu kwa hilo. Atakaye kuiona lazima atoke nje ya hewa. Kabla ya 1970 wanasayansi walikuwa wakirusha roketi ndogo zinazochungulia dakika chache na kuanguka. Uhuru ilikaa juu ikifanya kazi zaidi ya miaka miwili, ikijigeuza polepole, mzunguko mmoja kwa dakika 12, ikilifagia anga kipande kwa kipande. Orodha yake ya mwisho ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei.

Kimoja kati ya hivyo kinaitwa Cygnus X-1. Kilikuwa kimeshaonekana kabla, lakini Uhuru ndiyo iliyogundua kuwa kinapepesa, tena kwa vipindi vifupi kuliko sekunde moja. Hapo darasani huwa nazima taa, nawasha tochi na kuizima haraka haraka, nikiwauliza: kitu kikubwa kama jua kinaweza kupepesa hivi? Hakiwezi. Mwanga wenyewe unahitaji muda kukivuka kitu kutoka upande mmoja hadi wa pili, kwa hiyo kinachopepesa upesi hivyo lazima kiwe kidogo. Wenye darubini walipotazama pale pale wakakuta nyota kubwa ya buluu inazunguka pamoja na kitu kisichoonekana, mzunguko mmoja kwa siku 5.6. Kisichoonekana hicho ni kizito mno. Hesabu za karibuni zinakadiria uzito wa jua letu mara 21 hivi.

Ni shimo jeusi, kitu chenye mvuto mkubwa kiasi kwamba hata mwanga hauwezi kutoka. Ndilo la kwanza ambalo wanasayansi walikubali kuwa lipo kweli, si hesabu ya karatasini wala ndoto ya watunga riwaya. Nyota yake inakunwa kama nazi kwenye mbuzi. Gesi yake inavutwa, inazunguka kwa kasi ya kutisha kabla ya kutumbukia, inasuguana, inapata joto la mamilioni ya digrii, na joto hilo ndilo linalotoa eksirei. Kwa hiyo Uhuru haikuliona shimo. Iliona chicha zikiungua mlangoni pake. (Mwaka 1974 Stephen Hawking aliwekeana dau na mwenzake Kip Thorne kwamba Cygnus X-1 si shimo jeusi. Mwaka 1990 akakubali ameshindwa. Dau lilikuwa usajili wa jarida ambalo mwalimu hawezi kulitaja mbele ya wanafunzi.) Riccardo Giacconi, aliyeongoza wanasayansi wa Uhuru, alipewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Wanafunzi wangu wanayajua mashimo meusi. Wameyaona kwenye filamu, simuni, yakimeza meli za anga. Wanayazungumza kama mambo ya Wazungu wa huko mbali. Nilipowaambia habari ya lile la kwanza imeanzia Ngomeni, mmoja alisema, "Mwalimu, usitudanganye." Hakuwa mkorofi. Aliona tu haiwezekani jambo kubwa kama hilo litokee kwao na asiambiwe na mtu yeyote.

Kuna mzee mmoja Ngomeni, mvuvi, ambaye huwa napita barazani kwake Jumamosi. Anakumbuka siku za roketi. Anasema walizuiwa kwenda baharini, wakakaa ufukweni na nyavu zao mabegani, kisha ukaja mngurumo uliowatimua kunguru wote kwenye minazi, na moshi ukasimama mweupe juu ya maji mpaka upepo ukaupinda. Nilipomweleza kile kilichokuwa ndani ya roketi mojawapo, na jina lake, alinyamaza kitambo. Mzee huyu hakusoma shule, lakini anajua kundi la nyota la Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Anaijua Zuhura ya magharibi na ya alfajiri. Mwishowe akaniuliza, "Sasa hiyo Uhuru iko wapi?" Nikamwambia ilirudi ikaungulia hewani mwaka 1979. Akasema, "Sisi tuliambiwa ni mambo ya Wataliano. Ingekuwa na yetu ndani yake, si tungeambiwa?"

Sikuwa na jibu. Nauleta ulizo wake kwenu.

Nisieleweke vibaya, hii si barua ya kulilia mambo ya kale. Kituo cha Ngomeni, ambacho sasa kina jina la Luigi Broglio, hakijafa. Roketi hazirushwi tena, lakini antena zake zinafanya kazi, na kuna Wakenya wanaofanya kazi pale vizuri. Data za setilaiti ya Swift, inayovizia milipuko mikubwa kabisa angani, zinashukia hapo. Za setilaiti ya NuSTAR vilevile. Na kuna moja inayoitwa IXPE, ya Marekani na Italia kwa pamoja, iliyorushwa Desemba 2021. Hiyo inazunguka juu kabisa ya ikweta, ikimaliza mzunguko kwa muda wa saa moja na nusu na ushei, na inapopita juu yetu inaiteremshia Malindi ilichokiona. Mwaka 2022 ilielekezwa Cygnus X-1 ili ipime mionzi yake imelalia upande gani, wanasayansi wajue ile gesi imekaaje karibu na shimo.

Waheshimiwa, naomba mrudie kusoma hapo. Shimo jeusi lililojulikana kwa setilaiti iliyoondoka Ngomeni mwaka 1970 limepimwa upya, na vipimo vikashukia Ngomeni ile ile, zaidi ya miaka 50 baadaye. Msichana wangu wa "labda ni mashua" alikuwa amelala kilomita chache kutoka kwenye antena hiyo.

Sasa niombe.

Mkataba wa Kenya na Italia uliotiwa saini mwaka 2016 una makubaliano ya utekelezaji ndani yake, na mojawapo ni la elimu na mafunzo. Lingine ni la kupata data za kuitazama dunia na za sayansi ya anga. Najua wapo Wakenya waliofaidika, wahandisi na wanafunzi wa vyuo vikuu, na ni jambo jema. Ombi langu ni kwamba elimu hiyo iteremke ngazi. Isiishie Nairobi, wala kwa mwenye shahada. Mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ya Magarini aingie kwenye lango la kituo walau mara moja kabla ya kumaliza shule, aelekezwe na Mkenya anayefanya kazi pale, aione antena ikigeuka kuifuata setilaiti. Data zenyewe za IXPE na Swift ziko wazi mtandaoni, bure, kwa yeyote. Kinachokosekana ni mtu wa kuzileta darasani, na kompyuta isiyozimika ukifungua faili la pili.

Msidhani watoto hawataweza. Mwaka 2022, mimi na wanafunzi wanane tulitengeneza antena kwa fimbo mbili za pazia, kila moja sentimita 53, tukazikaza kwenye kipande cha mbao kwa pembe ya digrii 120. Waya tulitoa kwenye televisheni iliyokufa. Kifaa cha kupokelea mawimbi, kidogo kama flashi, nilikiagiza kwa mshahara wangu. Tukawa tunafika shuleni kabla ya kengele kuingojea NOAA-15, setilaiti ya hali ya hewa iliyorushwa mwaka 1998, yenye umri mkubwa kuliko wanafunzi wangu wote. Asubuhi tatu hatukupata kitu ila mchakacho. Ya nne, kwenye spika ya kompyuta, ukatokea mlio: tik-tok, tik-tok, kama saa ya ukutani iliyokunywa kahawa. Kila mpigo ni mstari mmoja wa picha, mistari miwili kwa sekunde. Wakakaa kimya wote. Picha ikawa inajichora kidogo kidogo, kwanza chenga tupu, halafu wingu zito juu ya bahari, halafu ukingo wa pwani. Kijana mmoja aliyekuwa ameshikilia antena nje, juu ya dawati, akawa anapiga kelele dirishani, "Mnaona nini? Mnaona nini?" na hakuna aliyemjibu, kila mtu macho kwenye skrini. Tulipokezana naye antena baadaye ili naye aone kabla setilaiti haijazama.

Picha hiyo niliichapisha nikaipeleka kwenye ofisi moja ya serikali, ambayo sitaitaja, kuomba msaada wa vifaa. Afisa aliyenipokea aliitazama, akaigeuza, akaniuliza kama nina kibali cha kupiga picha kutoka angani. Nikamwambia hatujapiga, tumepokea tu, kama mtu anavyopokea redio. Akaniomba niandike barua. Niliandika. Niliandika na ya kukumbushia. Hii ni ya tatu, nayo nimeona niiandike hadharani.

NOAA-15 ilizimwa mwaka 2025, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 27. Zipo setilaiti nyingine za hali ya hewa zinazopita juu yetu, lakini zinatuma kwa njia za kidijitali, zinataka antena nzuri zaidi na kompyuta yenye nguvu. Chumba kimoja chenye vifaa hivyo, katika shule moja tu ya kaunti hii, zingine zikialikwa kwa zamu, gharama yake haifiki hata kivuli cha setilaiti yetu ya Taifa-1. Taifa-1 niliishangilia, jamani, msinielewe vibaya. Shilingi milioni 50 kwa setilaiti iliyobuniwa na wahandisi Wakenya si fedha iliyotupwa. Lakini Aprili 2023 niliitazama ikirushwa kutoka California, huku nikijua nyuma ya mgongo wangu kuna jukwaa ambalo setilaiti 9 ziliondokea. Moyo ulikuwa na mambo mawili kwa wakati mmoja.

Kuhusu majukwaa yenyewe. Chuma na chumvi havijawahi kupatana, na haya yamesimama ndani ya maji ya chumvi tangu miaka ya sitini. Mgeni akija Malindi anapelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, Mreno aliyetia nanga hapa mwaka 1498, akachukua rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi, akaenda zake. Nguzo ile imetunzwa, ina kiingilio, ina mwongozaji. Sisemi ibomolewe. Nauliza tu, Uhuru ina nini? Kaunti itenge chumba kimoja ufukweni Ngomeni. Vitu na picha zilizohifadhiwa ndani ya uzio wa kituo zitolewe nje ya uzio, hata kwa nakala. Wazee walioziona roketi wahojiwe sasa, kwa sauti zao, maana kila mwaka tunazika baadhi yao. Vijana wa pale wafundishwe kueleza, wapate na riziki.

Na maelezo yaandikwe kwa Kiswahili. Hili nalisema kwenu Wizara ya Elimu na Taasisi ya Ukuzaji Mitaala. Fizikia tunaifundisha kwa Kiingereza na sitegemei hilo libadilike kesho. Lakini mwishoni mwa Desemba 2024, pete ya chuma ya kilo 500 ilipoanguka kijiji cha Mukuku, Makueni, nchi nzima ilizungumza habari za anga kwa Kiswahili na lugha za nyumbani kwa wiki nzima. Shirika letu la anga lilijitokeza upesi, likaeleza kuwa ni kipande cha roketi, hongera zao. Ila barazani kwa yule mzee nilisikia kila tafsiri, bomu, jini, hadi ishara ya kiama. Watu wana hamu na wana lugha. Lugha iliyokuwa na Mirihi, Mshtarii na Zohali zamani zote hizo haiwezi kushindwa na shimo jeusi. Kijitabu cha kurasa 30 kuhusu Uhuru, kwa Kiswahili cha kusomeka, kiende kila maktaba ya shule ya Pwani. Nipo tayari kukiandika bila malipo, mkinipa mtu wa kunisahihisha hesabu.

La mwisho. Tunasikia mara kwa mara kwamba Kenya inataka kurusha roketi tena kutoka pwani yake. Mkifika hatua hiyo, watu wa mahali mtakapopachagua wasikutane na habari hiyo kwenye gazeti, wala wasiambiwe siku ya mwisho kwamba leo hakuna kwenda baharini. Kaeni nao barazani mapema, mwaeleze kitakachopanda, kwa nini kinapanda kwao, wavuvi watalipwa nini siku bahari itakapofungwa, na nani atapata kazi. Na mkiipa setilaiti jina, muwaulize jina.

Antena yetu bado iko juu ya paa la maabara. Fimbo moja ya pazia imeshika kutu na nimepanga kuibadilisha likizo ya Agosti. Mkituma mtu, aje Jumanne au Alhamisi baada ya saa kumi, ndiyo siku za klabu. Yule msichana wa Ngomeni sasa ndiye katibu wake, na ana maswali yake ameyaandika kwenye daftari.

Wenu,
Mwalimu wa Fizikia,
Kaunti ya Kilifi